Upangaji wa shule katika mipango ya maendeleo ya Tanzania

Upangaji wa shule ni kazi ya kuamua mapema shule zijengwe wapi, lini, kwa ukubwa gani na kwa ajili ya watoto wangapi, kisha kuoanisha uamuzi huo na mipango mingine ya nchi kama vile barabara, maji, umeme, makazi na matumizi ya ardhi. Nchini Tanzania kazi hiyo imegawanyika kati ya wizara, wakala na halmashauri mbalimbali. Tangu uhuru nchi imepitia vipindi viwili vya ujenzi wa kasi: cha kwanza wakati wa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, cha pili kuanzia mwaka 2002 hadi sasa. Katika kipindi cha kwanza shule ilikuwa sehemu ya mpango wa makazi. Katika cha pili, mara nyingi shule imejengwa kwanza na huduma nyingine zikafuata baadaye, au zisifuate.

Msingi wa upangaji

Shule inatofautiana na majengo mengi ya umma kwa sababu mahitaji yake yanaweza kujulikana miaka kadhaa kabla. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza miaka mitano ijayo ameshazaliwa. Atakayeingia kidato cha kwanza mwakani yuko darasa la saba leo, na jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Kwa hiyo mpangaji anayeijua sensa, idadi ya vizazi na uhamaji wa watu anaweza kukadiria idadi ya madarasa kwa usahihi mkubwa kuliko anayekadiria, kwa mfano, magari yatakayopita kwenye barabara mpya.

Jambo la pili ni kwamba shule huvuta makazi. Familia hutafuta viwanja karibu na shule, mama lishe na wenye maduka hufuata, bodaboda nazo huanzisha kijiwe. Darasa la matofali hudumu miongo kadhaa, na mahali lilipowekwa panaamua watoto watembee umbali gani, bomba la maji lipite wapi na mji upanuke kuelekea wapi.

Wazo hili si geni katika taaluma ya mipango miji. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipendekeza mitaa ya makazi ipimwe kwa ukubwa unaotosha shule moja ya msingi, na shule hiyo iwe katikati ili mtoto aifikie kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Ufaransa ilianza mwaka 1963 kugawa nchi katika maeneo ya shule kwa kutumia ramani, na mwaka huohuo UNESCO ilianzisha mjini Paris Taasisi ya Kimataifa ya Mipango ya Elimu, ambayo imefundisha maofisa wa nchi nyingi za Afrika namna ya kuchora ramani za shule.

Nani anaamua

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutunga sera, hupitisha mitaala na husimamia ubora. Haisimamii uendeshaji wa shule za msingi na sekondari za serikali. Hizo ziko chini ya halmashauri, zinazosimamiwa na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Shule za sekondari zilihamishiwa huko mwaka 2009, miaka mingi baada ya zile za msingi.

Maji ya vijijini ni jukumu la RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019. Barabara za wilaya na mitaa ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Umeme wa vijijini hupelekwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), halafu TANESCO huwahudumia wateja. Ardhi ya mjini hupangwa kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na ya vijijini kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka huohuo. Kila chombo kina bajeti yake, ratiba yake na orodha yake ya vipaumbele. Tume ya Mipango, iliyorudishwa kwa sheria ya mwaka 2023 chini ya Ofisi ya Rais, inatazamwa kama mahali pa kuziunganisha orodha hizo katika ngazi ya taifa, lakini uamuzi kuhusu kiwanja cha shule fulani hufanyika mbali sana na Dodoma.

Kwa kawaida hufanyika kijijini. Wananchi huchanga fedha, mchanga, mawe na nguvu zao, wakainua kuta hadi usawa wa lenta. Jengo hilo lisilo na paa huitwa boma. Halmashauri, ikipata fedha, huezeka, huweka sakafu, milango na madirisha, kisha shule husajiliwa. Utaratibu huu umeipa nchi maelfu ya madarasa ambayo serikali peke yake isingeyamudu, na unawafanya wanakijiji waione shule kuwa mali yao. Hata hivyo una athari ambayo ni nadra kutajwa kwenye ripoti: ramani ya shule huchorwa na mahali maboma yalipo. Kijiji chenye uwezo wa kuchanga, au chenye diwani au mbunge anayejua kusukuma mambo, hupata shule ya pili kabla ya kijiji maskini kupata ya kwanza. Mpangaji wa halmashauri anafika wakati kuta zimeshasimama, na hakuna mwenye ujasiri wa kuwaambia watu waliobeba matofali kichwani kwamba wamejenga upande usiofaa wa mto.

Vijiji na elimu kwa wote

Wakati wa uhuru, mwaka 1961, wanafunzi wa shule za msingi Tanganyika walikuwa chini ya 500,000. Mpango wa kwanza wa miaka mitano (1964–1969) uliweka mkazo kwenye sekondari na vyuo ili kupata wataalamu wa kushika nafasi serikalini. Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, viligeuza mwelekeo kuelekea vijijini na shule ya msingi.

Kikwazo kilikuwa makazi yaliyotawanyika. Familia nyingi ziliishi mbalimbali katika mashamba yao, na katika hali hiyo hakuna mahali pa kuweka shule ambapo watoto wengi wangeweza kupafikia kwa miguu. Julius Nyerere alirudia hoja hiyo mara nyingi alipokuwa akieleza sababu za kuishi pamoja: serikali haiwezi kupeleka shule, zahanati na bomba kwenye kila nyumba. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini litakuwa jambo la lazima ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyojulikana kama UPE, ifikiwe mwaka 1977. Hivyo ramani ya vijiji na ramani ya shule zilitengenezwa pamoja, na katika vijiji vingi vya wakati ule mpango huo unaonekana hadi leo: shule, zahanati, ofisi ya kijiji na uwanja wa mpira viko jirani, kando ya barabara.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Watu walihamishwa kwa nguvu katika sehemu nyingi, nyumba zikachomwa au kubomolewa, na baadhi ya vijiji viliwekwa mahali pasipo na maji au ardhi ya kutosha ya kulima. Walimu hawakutosha, kwa hiyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Mitaani watu waliitania UPE kuwa ni "Ualimu Pasipo Elimu". Lakini kwa upande wa idadi, matokeo yalikuwa ya haraka: mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi milioni 3.

Kisha uchumi ukadorora. Vita dhidi ya Idi Amin (1978–1979), bei ya mafuta na masharti ya mikopo vilibana bajeti. Michango na ada zilirudi, majengo yakachakaa bila matengenezo, na uandikishaji ukashuka katika miaka ya 1980 na 1990. Mpango wa miaka ya 1970 ulikuwa umehesabu ujenzi tu, bila kutenga fedha za kudumu za paa, madawati na mishahara.

MMEM, MMES na shule za kata

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002. Madarasa yalijengwa kwa wingi, watoto wakajaa. Ilikuwa dhahiri kwamba baada ya miaka saba watoto hao wangehitaji sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza mwaka 2004, na baada ya Edward Lowassa kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa 2005, wakuu wa mikoa na wilaya walisukumwa kuhakikisha kila kata ina sekondari yake. Shule za sekondari ziliongezeka kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi 4,102 mwaka 2009.

Hakuna kipindi kingine katika historia ya nchi ambapo elimu ya sekondari ilisogezwa karibu na watu wengi kiasi hicho, na kwa mtoto wa kike wa kijijini tofauti ilikuwa ya maisha. Lakini kigezo cha "kila kata" ni cha kiutawala. Kata moja ya mjini inaweza kuwa na watu makumi ya maelfu katika kilomita chache za mraba, na kata ya wafugaji inaweza kuwa na watu wachache katika eneo pana kuliko wilaya nzima ya kwingine. Shule moja kwa kata ilimaanisha msongamano kule, na huku mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Baadhi ya shule ziliwekwa katikati ya kata, porini, ili vijiji viwili visigombane, na matokeo yake zikawa mbali na vyote viwili. Wanafunzi wakaanza kupanga vyumba karibu na shule, watoto wa miaka 14 wakijipikia na kujilinda wenyewe, na mimba za wanafunzi zikahusishwa sana na hali hiyo.

Umeme, maji na nyumba za walimu havikwenda sambamba na ujenzi. Walimu waliopata mafunzo ya muda mfupi walibatizwa "vodafasta", na aliyepangiwa shule isiyo na nyumba wala mtandao wa simu aliripoti, akachukua posho, kisha akatafuta uhamisho. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, matokeo ya kwanza kutangazwa yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata daraja sifuri. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Vyumba vingi vilijengwa kwa michango, na vingi vilikaa muda mrefu bila maji, gesi wala vifaa.

Wimbi la mwaka 2016

Mfano ulio wazi zaidi wa mahitaji yanayojulikana mapema ni ule wa elimu bila ada. Januari 2016, baada ya kufutwa kwa ada na michango ya lazima, walioandikishwa darasa la kwanza walipanda kutoka takribani milioni 1.4 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 2. Tarehe ambayo wimbi hilo lingefika kidato cha kwanza ilihitaji kujumlisha tu: darasa la saba mwaka 2022, sekondari Januari 2023.

Kabla ya hapo tayari nafasi zilikuwa chache. Karibu kila Desemba makumi ya maelfu ya watoto waliofaulu darasa la saba walisubiri "chaguo la pili" kwa sababu madarasa hayakutosha. Mwaka 2021 serikali ilielekeza sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliokuwa wa shilingi trilioni 1.3 kwa jumla na uliotolewa kukabili athari za UVIKO-19, katika kujenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi, yaani shule ndogo za madarasa machache kwa watoto wanaoishi mbali na shule mama. Januari 2022 watoto wote waliofaulu, zaidi ya 900,000, walipangiwa shule kwa mkupuo mmoja. Kwa wimbi la 2023, madarasa mengine 8,000 yalijengwa katika miezi ya mwisho ya 2022.

Kazi ilifanyika na watoto walipata viti. Ni vigumu kuipuuza hatua hiyo. Lakini fedha zilizotolewa kwa haraka hujengewa pale penye kiwanja tayari, na kiwanja tayari kiko ndani ya shule iliyopo. Madarasa huongezeka, wakati kisima, matundu ya vyoo na umbali wa kutembea vinabaki vilevile. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule iliyoongezewa madarasa sita kwa miezi mitatu huuvunja mwongozo huo siku ya kwanza ya muhula. Tena, kati ya watoto zaidi ya milioni 2 walioandikishwa mwaka 2016, waliosajiliwa kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2022 walikuwa takribani milioni 1.38. Waliokariri darasa na walioacha njiani waliifanya hesabu ya sekondari iwe nyepesi kuliko ambavyo ingekuwa.

Mijini

Katika sensa ya 2002 Dar es Salaam ilikuwa na watu takribani milioni 2.5, na katika ile ya 2022 walikuwa milioni 5.4. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikwenda pembezoni, katika maeneo ambayo watu walinunua viwanja kutoka kwa wenye mashamba bila upimaji. Katika ununuzi wa namna hiyo hakuna muuzaji anayetenga ekari kadhaa za shule. Halmashauri ikija miaka kumi baadaye hulazimika kulipa fidia kwa nyumba zilizopo, na bei ya fidia inaweza kuzidi ya jengo lenyewe.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Toangoma na Buyuni, ulikusudia kurekebisha hilo kwa kupima kwanza. Maeneo ya huduma yalionekana kwenye ramani, lakini kuonekana kwenye ramani si sawa na kuwa kwenye bajeti, na wakazi wengi walihamia kabla ya shule, maji na lami. Kwa uhaba wa ardhi, jiji sasa linajenga shule za ghorofa, jambo ambalo wazazi waliosoma "Kayumba" za bati na uwanja wa vumbi hawakulizoea.

Mahali salama na nishati

Uendelevu wa shule unategemea pia ardhi iliyochaguliwa na namna ya kujenga. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya sekondari za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba, na wanafunzi wakalazimika kuhamishwa. Mafuriko ya bonde la Rufiji mwaka 2024 yalikatiza masomo. Shule iliyojengwa bondeni kwa sababu kiwanja kilipatikana bure hulipiwa baadaye kwa njia nyingine.

Shule pia ni mteja mkubwa wa nishati. Serikali ilitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, na shule za bweni ziko mstari wa mbele. Gesi inahitaji barabara ambayo gari la mizigo linaweza kupita wakati wa masika.

Ulinganisho na Kenya

Kenya, yenye tatizo linalofanana, imeligawanya kwa namna nyingine. Katiba ya 2010 iliwapa magavana na kaunti zao mipango ya kaunti, barabara za kaunti na huduma za maji, lakini katika elimu kaunti zilipewa elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijiji tu. Shule za msingi na sekondari zilibaki serikali kuu, huku madarasa mengi yakijengwa kwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanza mwaka 2003. Kaunti inaweza kupanga mtaa mpya bila uwezo wa kuujengea shule. Mtaala wa umilisi ulipofika darasa la saba Januari 2023, wanafunzi wa sekondari ya chini walibakizwa katika majengo ya shule za msingi kwa sababu sekondari zisingewatosha.

Mwaka 2028

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo waliokuwa mbele yao watamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani. Madarasa mawili yatahitimu pamoja, na yote mawili yatatakiwa kidato cha kwanza Januari 2028.

Baada ya hapo idadi itarudi kuwa ya darasa moja kwa mwaka, ila kundi la watoto maradufu litapanda hadi kidato cha nne. Halmashauri zinapaswa kujua ni vyumba vipi vitahitajika kwa kudumu na vipi kwa miaka minne tu. Shule za msingi, kwa upande wao, zitabaki na chumba kimoja au zaidi kisicho na darasa la saba, jambo linalofungua uwezekano wa kutumia majengo hayo kwa sekondari au kwa madarasa ya awali. Mkondo wa amali unaongeza sharti jingine: karakana ya uchomeleaji au useremala haiendeshwi kwa paneli moja ya jua iliyofungwa kwenye paa la ofisi ya mwalimu mkuu, kwa hiyo shule itakayopewa mkondo huo inahitaji kuwa mahali ambapo laini kubwa ya umeme imefika au itafika kabla ya mwaka huo.